Kufundisha kilimo cha bustani mtandaoni: nini kinapita, nini kinakwama

Chukua kazi moja tu, kubebesha mwembe. Unatafuta mche wa embe la kienyeji uliofikia unene wa penseli, kikonyo cha sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye mti wa aina unayoitaka, kisu kikali na utepe wa plastiki. Unakata kichwa cha mche, unapasua shina katikati kwa kina cha sentimita tatu hivi, unachonga kikonyo pande mbili kiwe kabari, unakichomeka kwenye mpasuo, unafunga utepe kwa kukaza, kisha unakivika kifuko kisikauke. Maelezo yamekwisha. Video yake haizidi dakika tano na mtandaoni ziko tele. Lakini anayejaribu kwa mara ya kwanza baada ya kuitazama, hata akiirudia mara tatu, ajiandae kuona vikonyo vingi vikikauka kabla ya mwezi kuisha.

Kosa haliko kwenye maelezo. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la kijani liitwalo kambiamu, na hilo ndilo linaloshika. La kikonyo na la mche lazima yagusane, walau upande mmoja. Kisu kikiwa butu, au mkono ukisita katikati ya mchongo, uso wa kabari unabaki na bonde, hewa inakaa humo, na kikonyo kinakosa maji. Kwa macho ya mwanafunzi, kabari yake na ya mwalimu hazina tofauti. Mwalimu aliyesimama pembeni angeona tangu mwanzo kwamba kisu kimeshikwa vibaya, angemrekebisha papo hapo, wakaendelea. Mwalimu aliye Morogoro wakati mwanafunzi yuko Newala hana namna ya kumshika mkono.

Mfano huu hupendwa sana na wanaosema kilimo hakifundishwi kwa kompyuta. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, vyuo vilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na walimu wa fani za vitendo wakaambiwa wahamie mtandaoni. Wengi walichoweza ni kupandisha slaidi zile zile za darasani. Tanzania vyuo vikuu vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, na watu wakarudi shambani wakiwa na uhakika kwamba jaribio limeshindwa.

Mimi naona lililoshindwa ni slaidi. Kilimo cha bustani, yaani mboga, matunda, maua na viungo, ni mafungu kadhaa ya ujuzi yaliyofungwa pamoja kwa jina moja, na kila fungu lina tabia yake linapopitishwa kwenye simu. Kuna linalopita bila shida, tena kuliko darasani. Kuna linalopita kwa hila. Na lipo linalogoma kabisa.

Fungu linalopita bila shida

Tuanze na jani la njano. Mkulima anaona mchicha wake umepauka, anamwaga mbolea ya chumvichumvi. Pengine amepatia, pengine amepoteza hela. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anauliza kwanza: ni majani yapi yaliyoanza? Yakiwa ya chini, yale makongwe, mshukiwa wa kwanza ni upungufu wa naitrojeni, kwa sababu mmea huweza kuihamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani na kuipeleka juu kwenye machipukizi. Yakiwa majani machanga ya juu, mishipa ikabaki ya kijani huku katikati pamekuwa pa njano, mshukiwa ni madini ya chuma, maana chuma hakihamishiki kirahisi ndani ya mmea. Mara nyingi hata chuma chenyewe kipo kwenye udongo, ila udongo una magadi mengi na mizizi haikipati.

Somo hili halihitaji shamba ili lieleweke. Linahitaji mchoro mzuri, maelezo ya dakika kumi na maswali machache ya kujipima. Mtandaoni mwanafunzi analisimamisha, analirudia saa nne usiku akishamaliza kazi zake, analisikiliza tena kabla ya mtihani. Katika ukumbi wa watu 200 huwezi kumwambia mhadhiri arudie mara tatu. Fiziolojia ya mimea, hesabu za mbolea, nafasi za kupandia, mzunguko wa maisha ya wadudu, utunzaji wa mazao baada ya kuvuna, masoko, yote ni ya kundi hili. Na wala si jambo jipya. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwapa shahada watu waliosomea mbali mwaka 1858, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kikageukia masomo kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992. Intaneti imeondoa bahasha na stempu tu.

Uingereza walilimaliza suala hili kwa kulikata vipande viwili. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani, kilichoanzishwa mwaka 1804, hutoa vyeti vya nadharia mbali na vyeti vya vitendo. Nadharia unaweza kuisomea ukiwa jikoni kwako kupitia kozi ya masafa, ukaenda kufanya mtihani. Vitendo ni lazima ufike kwenye kituo kilichoidhinishwa, ushike jembe na mkasi mbele ya mtahini. Ukipata vyote unapewa diploma. Napenda uwazi wake: mwenye cheti cha nadharia pekee anajulikana kuwa ni wa nadharia, na mwajiri hadanganywi.

Huku kwetu mgawanyo wa namna hiyo ni adimu. Kozi nyingi za mtandaoni hujiita tu "kozi ya kilimo cha nyanya", zinauza cheti chenye muhuri, na nusu ya somo ni mahesabu ya faida kwa ekari. Mwenye kitalu anayetaka mtu wa kubebesha miche 2,000 hawezi kujua kutoka kwenye cheti hicho kama mwenye nacho amewahi kushika kisu.

Jicho

Fungu la pili ni kuona. Mtu wa bustani hulipwa kwa kutambua kitu mapema kuliko wengine, na jicho halifunzwi kwa kusoma. Hapa mtandao husaidia na hudanganya kwa wakati mmoja.

Mwaka 2016 watafiti waliokuwa na mradi wa PlantVillage walifundisha kompyuta kutambua magonjwa kwa kutumia picha zaidi ya 54,000 za majani ya mazao 14. Kwenye picha za mkusanyiko ule ule, ilipatia kwa zaidi ya asilimia 99. Walipoijaribu kwa picha zilizopigwa mahali pengine, katika mazingira tofauti, ikashuka hadi asilimia 31 na kitu. Picha za kufundishia zilikuwa za jani moja moja, lililochumwa, likawekwa juu ya kitu cha rangi moja na mwanga mzuri. Shambani jani lina vumbi, limekunjamana, jua limelichoma upande mmoja, na lina magonjwa mawili kwa mpigo.

Kilichoipata kompyuta ndicho kinachompata mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha safi za kitabuni. Anakariri baka jani chelewa kwa picha moja maarufu, halafu anakutana nalo asubuhi yenye ukungu likiwa bado doa la kijivu lenye maji maji, halitambui. Mwalimu wa mtandaoni mwenye akili hupunguza picha nzuri. Anakusanya picha mbaya, zilizopigwa na wanafunzi wenyewe, za hatua zote za ugonjwa, na anawauliza: hapa kuna nini, una uhakika kiasi gani, na ungeangalia nini kingine?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwanafunzi anatuma picha ya nyanya yenye doa jeusi lililodidimia chini ya tunda, anauliza apulize dawa gani. Picha ni kali, doa linaonekana vizuri, na jibu halimo ndani yake. Kuoza kitako kwa nyanya si ugonjwa wa kuambukiza. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kwa kawaida chanzo chake ni maji: mkulima amemwagilia kwa wingi, akaacha udongo ukauke, akamwagilia tena. Kalsiamu husafiri na maji, na maji yakikatika tunda linakosa. Hakuna dawa ya ukungu itakayotibu hilo. Mwalimu anatakiwa kuuliza ratiba ya umwagiliaji, na zaidi ya hapo kumzoesha mwanafunzi aitume ratiba kabla hajaulizwa.

Ndiyo maana kozi nzuri huwa na utaratibu wa picha uliokazwa: mmea mzima kwanza, kisha mistari inayouzunguka ili ijulikane kama tatizo limetapakaa au limejikusanya mahali pamoja, kisha sehemu iliyoathirika kwa karibu, kisha upande wa chini wa jani, kisha mizizi iliyooshwa. Sarafu iwekwe kando ili ukubwa ujulikane. Na kama ni WhatsApp, itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora, na mashimo madogo ya kanitangaze, yule kiwavi mharibifu wa nyanya, kwenye jani yanageuka ukungu wa rangi.

Yapo pia majaribio ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya peke yake yakampa jibu kuliko picha yoyote. Nyanya imenyauka ghafla ikiwa bado kijani. Kata shina karibu na udongo, osha, lining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe za ute zikishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Kama maji yamebaki safi, geukia fusari (ukungu wa udongoni), minyoo fundo ya mizizi au ukame. Mwanafunzi aliyeona nyuzi zile kwa macho yake mezani kwake hazisahau, na hakuhitaji maabara ya chuo. Alihitaji kuambiwa afanye, na mtu wa kumjibu alipoleta picha ya glasi.

Mikono

Kazi ya mkono ndiyo inayogoma, ila haigomi kwa usawa.

Kupima bomba la kupulizia, kwa mfano, hufundishika kwa mbali vizuri kabisa, kwa sababu kinachopimwa ni mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Jaza bomba maji matupu. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Tuseme ni 5. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi, basi ekari itakunywa karibu lita 200, yaani bomba 10 za lita 20. Kama lebo inasema mililita 500 kwa ekari, kila bomba lipate mililita 50. Jirani yake mwenye miguu mirefu atatumia lita 3 tu kwenye eneo lile lile, na akitumia kipimo cha mwenzake anapunja dawa. Mhadhara unaweza kufundisha kanuni kwa miaka na mwanafunzi akapata alama zote bila kujua mwendo wake mwenyewe. Zoezi hili la maji humfichulia kwa nusu saa.

Kubebesha ni kugumu zaidi, na hapa ndipo walimu wengi hukosea kwa kununua kamera nzuri. Wanarekodi video yao upya, kwa pembe tatu, na muziki. Video yenye faida kwenye somo hili ni ya mwanafunzi. Aweke simu juu ya tofali, ajirekodi mikono tu wakati anachonga vikonyo kumi mfululizo vya matawi ya kupogolea, yasiyo na thamani, bila kubebesha chochote. Atume. Mwalimu aone kisu, kidole gumba kiko wapi, mchongo unavutwa mara moja au unakwanguliwa kidogo kidogo. Amjibu kwa sauti ya dakika moja. Arudie. Akishachonga uso bapa ndipo ahamie kwenye mche.

Na vikonyo vitakavyokauka visitupwe. Baada ya wiki nne, vile ambavyo havijachipua vifunguliwe utepe, vitenganishwe, vipigwe picha ndani ya maungio. Ukiona kovu jeupe la tishu mpya upande mmoja, kambiamu ziligusana ila kitu kingine kiliua, labda jua au utepe uliolegea. Ukiona pakavu, peusi, pasipo na kovu lolote, mchongo haukugusana tangu siku ya kwanza. Shambani kikonyo kilichokufa hung'olewa na kutupwa. Kwenye kozi ya masafa ni karatasi ya mtihani iliyojisahihisha.

Bado kuna mpaka. Kupogolea mparachichi mkubwa, kutumia msumeno wa injini, kuchanganya viuatilifu vikali, hayo nisingemruhusu mtu ayafanye kwa mara ya kwanza akiwa peke yake na simu. Kosa lake halikaushi kikonyo, linamuumiza mtu. Kwa kazi hizo lazima pawe na siku za ana kwa ana, na kozi inayosema vinginevyo inacheza.

Mahali na majira

Kuna faida moja ya masafa ambayo haitajwi sana. Chuo cha kukaa bweni kina udongo wake, mvua zake na wadudu wake, na mwanafunzi akihitimu anakwenda kulima kwingine. Wa masafa anasomea palepale atakapolima.

Wape wanafunzi 40 waliotawanyika zoezi la chupa: jaza theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo wako, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa kwa nguvu, iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini kwa saa chache, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka, tuma picha. Unaweza kupata chupa 40 kutoka pwani ya Lindi, mteremko wa Kilimanjaro, mbuga nyeusi ya Shinyanga na vilima vya Lushoto, zote kwenye ukurasa mmoja. Hakuna shamba la chuo lenye utajiri huo. Ukianza kuuliza kwa nini mwenzao wa mbuga nyeusi hawezi kumwagilia kila siku kama wa Lindi, somo linajiendesha.

Sasa geuza upande wa pili. Anayesoma kozi ya Ulaya akiwa hapa anabeba na mazingira ya Ulaya bila kujua. Kitunguu hupima urefu wa mchana ili kianze kutunga. Aina zinazouzwa kaskazini mwa Ulaya hungoja mchana wa saa 14 au zaidi, na London mwezi Juni hupata zaidi ya 16. Arusha mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, tofauti haifiki hata nusu saa. Ukiagiza mbegu ile na kuifuata kozi neno kwa neno utapata majani mazuri ya kupendeza, na chini hakuna kitunguu. Wakulima wa Mang'ola wanapanda aina za mchana mfupi kama Red Creole na Bombay Red kwa sababu hiyo. Kozi yenyewe haikusema uongo. Iliandikwa kwa mtu anayeishi nyuzi 50 kaskazini ya ikweta, na hakuna aliyemwonya msomaji wa nyuzi 3 kusini.

Halafu kuna kalenda. Muhula wa chuo ni wiki 15 hadi 17 hivi. Nyanya hukaa kitaluni karibu wiki nne, kisha huhitaji siku 75 hadi 90 baada ya kupandikizwa. Mwanafunzi aliyesia mbegu siku ya kwanza ya muhula anaanza kuvuna wakati wenzake wanafanya mtihani, na aliyechelewa wiki mbili havuni kabisa kabla ya kufunga. Mparachichi uliobebeshwa ndio usiseme, unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kuzaa cha maana. Chuo chenye shamba hulificha tatizo hili kwa kuwa na mimea ya kila umri: wanafunzi wa leo wanapogolea miti iliyopandwa na waliohitimu zamani. Wa masafa hana urithi huo. Kwa hiyo somo lipangwe kwa mazao ya haraka mwanzoni, mchicha unaovunwa wiki ya tatu au ya nne, ili apite mzunguko mzima mara mbili au tatu, akosee wa kwanza na kurekebisha wa pili. Kwa miti, atafute shamba la jirani lenye miti ya umri tofauti na aombe ruhusa.

Bando, na gharama iliyofichwa

Kuhusu intaneti watu hulalamika sana, lakini nadhani hilo ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Video ya ubora wa kati hula karibu nusu GB kwa saa. Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, hula chini ya MB 30 kwa saa. Mhadhara wa saa nzima wa Zoom unaoonyesha uso wa mhadhiri na slaidi yenye maneno ungeweza kuwa faili la sauti na PDF ya kurasa nane, ukapakuliwa mara moja mjini na kusikilizwa kijijini bila mtandao. Video ihifadhiwe kwa vitu vinavyotembea: kisu, mkono, maji.

Jukwaa la Moodle, ambalo vyuo vingi hulitumia, lilibuniwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia jangwani na kusoma utotoni kwa shule ya redio ya mawimbi mafupi. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Mtu aliyejua maana ya kusomea mbali aliweka ndani yake mahali pa mwanafunzi kuleta kazi na kujadiliana na wenzake. Ajabu ni kwamba wengi wetu tumeligeuza kabati la slaidi.

Gharama halisi iko kwingine, na ndiyo inayofanya taasisi zisipende kuitaja. Wanafunzi 200, kila mmoja atume video moja ya dakika tano ya mikono yake. Ni dakika 1,000, karibu saa 17 za kutazama tu, kabla mwalimu hajajibu neno. Hiyo ni kazi moja. Kozi ya maana inahitaji kazi kumi za namna hiyo. Uongozi uliopenda elimu masafa kwa sababu haihitaji mabweni huwa haujapanga fedha ya saa hizo, na hapo ndipo kozi inapogeuka kuwa video na maswali ya kuchagua jibu sahihi. Kukwama kwenyewe si kwa teknolojia. Aliyepaswa kujibu hajaajiriwa.

Njia za kupunguza mzigo zipo na zimejaribiwa nje ya mtandao. Mashamba darasa yaliyoanzia Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga yaliwafundisha watu kukagua shamba kwa pamoja na kubishana juu ya walichokiona, mwezeshaji akiuliza zaidi ya kueleza. Jimbo la Washington, Marekani, lilianza miaka ya 1970 kuwafunza wakazi wa kujitolea ambao baadaye wanawajibu wenzao maswali ya bustani, ili maafisa ugani wasizame. Ukiunganisha mawazo hayo na kikundi cha WhatsApp cha watu wanane walio wilaya moja, wenye zao moja, wanakagua picha za wenzao kwanza, mwalimu anapata yale magumu tu. Na bwana shamba au bibi shamba wa kata akilipwa posho kidogo ya kumtembelea mwanafunzi mara mbili kwa msimu, lile fungu linalogoma linaanza kulegea.

Kwa siku za ana kwa ana vituo vipo. Tengeru karibu na Arusha kuna kituo cha zamani cha utafiti na mafunzo ya kilimo cha bustani. Kituo cha Kimataifa cha Mboga kina ofisi yake ya kanda Arusha tangu mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko Morogoro, na Kenya kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Wiki mbili kwa mwaka katika shamba lenye miti ya kila umri, mkufunzi mmoja kwa wanafunzi kumi, zikiwekwa baada ya mwanafunzi kuharibu vikonyo vyake nyumbani na si kabla, zinatosha kwa mengi. Anafika akiwa na maswali na mchongo wake mbovu mfukoni. Mifumo ya umahiri inayosimamiwa na mabaraza ya elimu ya ufundi, NACTVET kwa Tanzania na TVET CDACC kwa Kenya, inataka mwanafunzi athibitishe kwamba anaweza, kwa hiyo ushahidi wa picha na video zenye tarehe ukiambatana na siku chache za mtahini shambani haupingani nayo.

Kama unataka kulipia kozi ya aina hii, muulize mwenye nayo ni nani atakayetazama kazi yako na atakujibu baada ya siku ngapi. Akijibu kwa kukutajia idadi ya video zilizomo, endelea kutafuta. Uliza vitendo vinathibitishwa wapi na cheti kinaandikwa nini kuhusu hilo. Uliza mifano ni ya mvua na mbegu za wapi. Na uliza inaanza lini: kozi ya nyanya ya wiki sita, hata iwe ya mwalimu bora namna gani, inakuaga ukiwa umeshapandikiza miche wiki mbili tu zilizopita, kabla kanitangaze hajaingia, kabla kitako hakijaoza, na kabla hujapanga bei na mnunuzi yeyote.